Hempu ya Marekani: walipima mmea, wakasahau kopo

Tangu Novemba 2025 magrupu ya WhatsApp ya ndugu zetu walioko Marekani yamejaa stori moja yenye sura mbili. Mmoja anasema Trump kapiga marufuku CBD (kemikali ya mmea huohuo wa bangi isiyolewesha), kwa hiyo mama mkubwa anayepaka yale mafuta ya magoti atafute kitu kingine. Mwingine anasema bangi imeachiwa, si kasaini mwenyewe Desemba, sasa hivi unanunua tu sheli kama soda. Wote wameona karatasi zilezile mbili wakazisoma nusunusu. Kilichosainiwa tarehe 12 Novemba 2025 ni sheria ya bajeti, ile iliyomaliza kufungwa kwa serikali kwa siku 43, na ndani yake, kwenye sehemu ya kilimo, wakachomeka vifungu vinavyobadilisha maana ya hempu kisheria (hempu ni mmea uleule wa bangi, ila wenye THC kidogo sana, na THC ndiyo inayolewesha). Kilichosainiwa tarehe 18 Desemba ni agizo la rais la kuharakisha mchakato wa kuitoa bangi kwenye kundi la 1 la dawa zinazodhibitiwa, lile linalobanwa kuliko yote, na kuipeleka kundi la 3. Agizo hilo halifungui duka lolote na halimruhusu mtu yeyote kuvuta chochote.

Mimi naona hata wachambuzi wengi wa hukohuko wanaikosea hii ishu. Wanaijadili kama vile swali ni moja tu, kuruhusu au kukataza. Lakini ukiangalia kilichotokea tangu 2018, soko hili lilivurugika kwa sababu serikali kuu ilihalalisha kitu halafu haikumpa mtu kazi ya kukisimamia, na ikaacha kipimo kimoja cha shambani kitumike dukani. Sheria mpya inarekebisha lile kosa la kipimo kwa kuweka kipimo kingine kibovu upande wa pili, na watakaoumia kwanza ni majimbo yale machache yaliyokuwa yameanza kufanya kazi kwa akili. Wale wahuni wa kemikali watabadilisha lebo tu na maisha yataendelea.

Turudi nyuma kidogo. Sheria ya kilimo ya 2018, aliyoisaini Trump huyuhuyu mwezi Desemba mwaka huo, iliitoa hempu kwenye orodha ya bangi. Aliyeisukuma sana ni seneta Mitch McConnell wa Kentucky, jimbo ambalo wakulima wake wa tumbaku walikuwa wanatafuta zao la kuwaokoa. Sheria ikasema hempu ni mmea wa cannabis, pamoja na kila kinachotokana nao, mradi delta-9 THC yake (ndiyo ile THC ya kawaida ya bangi) isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Hiyo 0.3 nayo ina historia yake, maana watu wengi wanadhani ni kiwango kilichopimwa na madaktari kujua mtu analewa wapi. Hapana. Mwaka 1976 mtaalamu wa mimea wa Kanada, Ernest Small, pamoja na Mmarekani Arthur Cronquist, walihitaji mstari wa kutenganisha aina mbili za mmea kwenye uainishaji wao, wakauchora hapo kwenye 0.3, na Small mwenyewe hakuwahi kuficha kwamba ni mstari wa kukadiria tu. Kwa hiyo ni kipimo cha kutambua jani limetoka kwenye mmea gani. Miaka 42 baadaye wanasiasa wakakichukua wakakifanya kipimo cha pipi.

Sasa hebu piga hesabu mwenyewe uone balaa lake. Chukua gami moja, yaani ile pipi laini ya kutafuna, ya gramu 5. Asilimia 0.3 ya gramu 5 ni miligramu 15. Colorado, ambako bangi inauzwa kihalali kwenye maduka yenye leseni na mlinzi mlangoni, dozi moja ya kula ni miligramu 10. Maana yake gami "halali ya hempu" inaweza kuwa kali kuliko gami ya bangi ya Colorado, na inauzwa pembeni ya chipsi bila leseni. Halafu chukua kopo la kawaida la kinywaji, lile la mililita 355, lina uzito wa kama gramu 355, asilimia 0.3 yake ni zaidi ya miligramu 1,000. Elfu moja! Hakuna kampuni yenye akili timamu inayoweka kiasi hicho, ila kwa maandishi ya 2018 hamna mstari unaowazuia. (Na sheria inasema uzito mkavu, sasa kinywaji kikavu ni kitu gani, sijui nani aliwahi kukinywa.) Ukija kwenye maua ya kuvuta ndiyo kabisa. Mmea mbichi una THCA, ambayo yenyewe haileweshi, lakini ukiipasha moto inageuka THC palepale kwenye kiberiti. Wizara ya kilimo huko shambani inapima THC yote, pamoja na hiyo THCA, ndani ya siku 30 kabla ya kuvuna. Dukani hakuna anayerudia hicho kipimo. Muuzaji anakuonyesha cheti cha maabara kinachosema delta-9 iko chini ya 0.3, anakufungia ua ambalo kwa macho, kwa harufu na kwa kichwa chako kesho asubuhi ni bangi tupu.

Halafu kuna delta-8. Baada ya 2018 wakulima walilima hempu kwa fujo wakitegemea soko la CBD, mzigo ukawa mwingi kuliko wanunuzi, bei ikaanguka. Wakabaki na matangi ya CBD yasiyo na mteja. Kumbe CBD ukiiyeyusha, ukaiongezea asidi na joto, inageuka delta-8 THC, ndugu wa ile delta-9, inalewesha ila kidogo zaidi, na sheria ilikuwa imetaja delta-9 peke yake. Basi ikawa dili. Mwezi Mei 2022 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 9, kwenye kesi ya AK Futures, ikasema maneno ya sheria yako wazi, vepu (sigara za umeme) za delta-8 zilizotokana na hempu ni halali, kama Kongresi ilikosea iende ikarekebishe yenyewe. Kwa upande wa sheria sioni cha kuwalaumu majaji, walisoma kilichoandikwa. Ila madhara ya mwanya huo yalikuwa yameshaonekana hata kabla ya hukumu: kati ya Januari 2021 na mwisho wa Februari 2022 vituo vya kitaifa vya sumu vilipokea kesi 2,362 za delta-8, na asilimia 41 zilihusu walio chini ya miaka 18. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaandika barua za onyo, ikatoa tahadhari, ikaiambia Kongresi itunge utaratibu mpya, na Kongresi ikakaa kimya miaka.

Kwa sababu juu kulikuwa kimya, kila jimbo likajipikia lake. Idaho haitaki THC hata chembe. California mwezi Septemba 2024, gavana Newsom alitoa kanuni za dharura zinazokataza bidhaa za hempu zenye THC yoyote inayoonekana kwenye kipimo, jambo la kuchekesha kidogo kwa jimbo ambalo bangi yenyewe ni halali, lakini ndiyo mantiki yake: unataka kulewa, nenda duka lenye leseni ukalipe kodi. Minnesota ikaenda njia nyingine. Tangu tarehe 1 Julai 2022 iliruhusu vya kula na kunywa vya hempu kwa masharti ya kueleweka: miligramu 5 kwa dozi, 50 kwa pakiti, mnunuzi awe na miaka 21, halafu mwaka uliofuata wakaweka kodi. Viwanda vidogo vya bia vilivyokuwa vinayumba vikapata kitu cha kujaza makopo, maduka ya pombe yakapanga vinywaji hivyo kwenye friji zao, na mwezi Oktoba 2025 hata Target, wale wenye maduka makubwa nchi nzima, wakaanza kuviuza kwa majaribio kwenye maduka 10 ya hukohuko. Kentucky nayo, kwao McConnell, imeweka umri wa miaka 21 na upimaji wa maabara, na mwaka 2025 ikavipeleka vinywaji kwenye mfumo wa leseni za pombe, mwisho miligramu 5 kwa kopo.

Texas ndiyo sinema. Bunge la jimbo mwaka 2025 lilipitisha muswada wa kufuta THC yote ya hempu, naibu gavana Dan Patrick akiupigania kufa na kupona, na gavana Greg Abbott, Republican mwenzake, akaukataa kwa veto tarehe 22 Juni, dakika za mwishomwisho kabla ya saa sita usiku. Sababu yake kubwa ilikuwa kwamba marufuku kama hiyo ya Arkansas imesimamishwa na mahakama kwa kugongana na sheria ya 2018. Siku mbili baadaye, tarehe 24 Juni, mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 8 ikaondoa hilo zuio, ikasema Arkansas inaweza kuendelea na marufuku yake. Siku mbili! Kabla ya hapo mzunguko wa 4 ulikuwa umeshaikubali sheria ya Virginia. Kwa hiyo msimamo wa mahakama sasa hivi unaeleweka: sheria ya 2018 ilihalalisha hempu upande wa serikali kuu na ikazuia majimbo kukamata mzigo unaopita njiani, lakini haijamnyima jimbo nguvu ya kubana au kukataza mauzo ndani ya mipaka yake. Abbott akaitisha vikao maalumu, havikuzaa kitu, mwisho Septemba akatoa agizo lake mwenyewe la miaka 21 na kukagua vitambulisho. Yaani jimbo lenye maelfu ya maduka ya hempu lilikaa zaidi ya miaka 6, tangu 2019, bila umri wa chini wa mnunuzi. Hapo usitafute mchawi wa Washington, mchawi yuko Austin, kwenye bunge la Texas lenyewe.

Wanaotaka marufuku wana hoja, na zingine ni nzito. Wanasheria wakuu wa majimbo na maeneo 39, wa vyama vyote viwili, waliiandikia Kongresi Oktoba 2025 wakitaka mwanya huu uzibwe. Pakiti zinazofanana na pipi za watoto zipo, si uongo wa kampeni. Utafiti wa kitaifa wa wanafunzi wa 2023 ulionyesha kama asilimia 11 ya wa mwaka wa mwisho wa sekondari walitumia delta-8 ndani ya mwaka mmoja. Hiyo namba ni kubwa mno kwa kitu ambacho miaka mitano kabla yake hakuna aliyekijua jina. Lakini ukiendelea kusoma utafiti uleule unakuta matumizi yalikuwa juu zaidi kwenye majimbo ambayo hayakuwa na sheria yoyote ya delta-8 na yale ambayo bangi ya watu wazima haijaruhusiwa. Ndiyo, ndani ya hizo "sheria" kuna marufuku pia, kwa hiyo haithibitishi kwamba leseni peke yake inatosha. Inachoonyesha ni kwamba mtoto anapenya pale ambapo hakuna mtu anayemwangalia muuzaji.

Upande wa pili, sekta yenyewe inadai bidhaa nyingi mno zitafutika na ajira laki tatu zitaondoka. Hizo ni hesabu zao wenyewe, zichukue na chumvi. Hoja yao dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa sana na wateja, kwamba huu ni mmea wa asili, Mungu kauotesha, serikali iache watu. Jamani, delta-8 iliyoko kwenye vepu ya dola ishirini haikuota popote. Kwenye mmea iko kiasi kidogo hadi haifai kukamua, ile ya dukani imepikwa na asidi kwenye mtungi, na kama aliyepika hakuisafisha vizuri unavuta mabaki ya kemikali ambazo hata yeye hajui majina. Ukitaka kutetea uasilia, tetea ua au mafuta ya CBD yaliyokamuliwa tu, halafu ukubali kwamba vilivyopikwa vichunguzwe kama kiwandani. Huwezi kusema ni mmea ukiulizwa na daktari, halafu ukiulizwa na mahakama useme ni molekuli isiyotajwa kwenye sheria.

Sasa hiyo sheria mpya inasemaje? Kuanzia tarehe 12 Novemba 2026, kama Kongresi haitaigusa tena, THC itahesabiwa yote pamoja na THCA, na hapo naunga mkono kwa mikono miwili. Molekuli zilizotengenezwa nje ya mmea hazitahesabiwa tena kuwa hempu, na hapo pia sina ugomvi mkubwa. Hempu ya nyuzi na ya mbegu haiguswi. Tatizo ni mstari mmoja: bidhaa ya mwisho isizidi miligramu 0.4 za THC kwa chombo kizima. Kwa chombo, siyo kwa dozi. Kopo la Minnesota la miligramu 5 limezidi hapo mara 12 na nusu. Hilo utasema sawa, linalewesha. Lakini chukua chupa ya mafuta ya CBD ya mililita 30 yaliyokamuliwa kwenye mmea mzima, yenye THC asilimia 0.1, theluthi tu ya kiwango cha zamani: humo ndani kuna kama miligramu 30, imezidi mara 75, na anayetumia matone machache asubuhi hasikii chochote kichwani. Hapo ndipo yule wa kwanza wa WhatsApp alipopata kipande chake cha ukweli, maana CBD haijatajwa popote kukatazwa ila mafuta mengi ya aina hiyo yataanguka kwa hesabu. Ikulu yenyewe imeliona, lile agizo la Desemba linaitaka Kongresi iitazame upya hiyo tafsiri ili wazee wasikose CBD yao. Yaani wiki tano baada ya kusaini, aliyesaini anaomba marekebisho.

Usisahau nani alikuwa anasukuma. McConnell, anayestaafu, alitaka kufunga mwanya uliotoka mkononi mwake. Seneta mwenzake wa Kentucky, Rand Paul, alijaribu kukitoa hicho kifungu akashindwa kura 76 kwa 24. Baadhi ya vyama vya watengenezaji wa pombe vilitaka kifungu kibaki, wakati wasambazaji wa pombe, ambao tayari wanabeba haya makopo kwenye malori yao, walikuwa wanaomba usimamizi badala ya marufuku. Na wenye maduka ya bangi yenye leseni wana kinyongo chao ambacho nakielewa: wao wanalipa kodi ya serikali kuu bila kuruhusiwa kutoa gharama nyingi za biashara, kwa sababu bangi iko kundi la 1, halafu jirani anauza kitu kilekile kama hempu bila huo mzigo. Kwenye hili watoto wametajwa sana, lakini ugomvi wa nani auze ulikuwa mezani muda wote.

Nini kitatokea Novemba 2026? Sidhani rafu zitakuwa tupu. FDA haina askari wa kuzunguka kila sheli kuanzia Ohio hadi Texas, na imeshaonyesha tangu 2022 kwamba silaha yake ni barua. Kitakachobadilika ni mambo ya kimyakimya: benki, bima, mashine ya kadi, posta. Kopo la miligramu 5 likishakuwa bangi machoni mwa serikali kuu, Target hawezi kuliweka, benki itamwambia mwenye kiwanda kidogo cha Minneapolis afunge akaunti, na kulivusha kwenda Wisconsin litakuwa kosa la serikali kuu. Jimbo linaweza kuendelea kuliruhusu ndani ya mipaka yake kama linavyofanya kwa bangi, ila hata ile kinga ndogo ambayo Kongresi huweka kwenye bajeti kuzuia wizara ya sheria kuingilia majimbo inahusu bangi ya matibabu tu. Kwa hiyo anayefuata sheria, mwenye anwani, mwenye maabara, mwenye kulipa kodi, ndiye anayetoka sokoni wa kwanza. Anayeuza vepu kwa keshi, zenye jina linalobadilika kila miezi sita, hana benki ya kumtisha.

Kwa Waswahili wa huko kuna upande ambao sioni ukizungumzwa. Kentucky, hasa Louisville na Lexington, ina Wakongomani wengi wanaoongea Kiswahili, na kwenye majimbo mengi ndugu zetu wako kwenye malori na maghala. Dereva mwenye leseni ya lori kubwa anapimwa mkojo, na kile kipimo kinatafuta masalia ya THC, hakiulizi ilitoka kwenye hempu au bangi. Idara ya uchukuzi ilishasema tangu 2020 kwamba "nilitumia CBD" haikubaliki kama maelezo. Kwa hiyo hata hapo ilipokuwa halali kabisa, gami ya sheli ilikuwa inatosha kukutoa barabarani. Kwa asiye raia ni zaidi. Uhamiaji ulitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba kujihusisha na bangi, hata jimbo likiruhusu, hata ikiwa ni ajira tu, kunaweza kukukwamisha kwenye kipengele cha tabia njema ukiomba uraia. Kabla ya Novemba 12, 2026, anayepaki makopo ya hempu kwenye ghala anapaki zao la kilimo. Kuanzia siku hiyo, makopo yaleyale, ghala lilelile, anaweza kuwa amejihusisha na bangi bila kubadilisha kazi. Mwenye faili la uraia linalosubiri amwone mwanasheria wa uhamiaji mapema, kabla ya kukaa kwenye kiti cha usaili. Na wale wanaofungasha gami kuleta nyumbani Dar au Nairobi wakidhani lebo ya "hempu halali" itasomwa pale uwanja wa ndege, waziache hukohuko.

Kongresi ina nafasi mpaka Novemba 12, 2026, na kuna wanaotaka kusogeza tarehe mbele. Kusogeza peke yake ni kurudia 2018, mwaka mwingine wa delta-8 bila mwenyewe. Kazi iko kwenye ule mstari wa 0.4: iandikwe dozi kwa miligramu badala ya chombo kizima, CBD itengwe na vya kulewesha, vilivyopikwa maabara vikatazwe mpaka vithibitishwe, umri uwe miaka 21 nchi nzima, na majimbo yanayotaka kubana zaidi yaachwe yabane. Karibu kila kipande cha hayo kipo tayari kwenye sheria za Minnesota na Kentucky. McConnell hahitaji hata kutoka nje ya jimbo lake kwenda kunakili.